Dalali amenitajia bei ya bodaboda kwa Celica yangu

Shikamoo Anti,

Nasoma safu yako muda mrefu, ila sikuwahi kufikiri ipo siku nitakuandikia, tena kwa habari ya gari. Najua wenzangu wanakuletea mambo ya ndoa na wakwe. Nivumilie.

Nina miaka 47, mtumishi wa umma, naishi Nzuguni hapa Dodoma na mke na watoto watatu. Nina Toyota Celica ya 1996, ile yenye taa nne za duara mbele, milango miwili, gia za kukanyaga klachi, injini 3S-FE. Nyekundu. Nilinunua Dar es Salaam mwaka 2008, kabla sijaoa, kwa mzee mmoja wa Upanga aliyeiagiza Japani. Wakati ule rafiki zangu walikuwa wananunua viwanja Goba na Kibamba. Mimi nikaweka akiba yangu yote kwenye gari. Walinicheka sana, lakini zilipofika harusi zao walikuwa wa kwanza kuniomba niwabebee bibi harusi. Hata mke wangu mwenyewe aliletwa kanisani na gari hilo hilo.

Ofisi yetu ilipohamia huku, nililiendesha mwenyewe toka Dar mpaka Dodoma, kila tuta nikilipita kwa kukinga bampa kama mtu anayevuka mto na mtoto mgongoni. Mke ana Toyota IST ya kupeleka watoto shule na kwenda sokoni. Celica natoka nayo Jumapili, na siku mojamoja naenda nayo kazini Mtumba. Nikiegesha, vijana wanakuja kupiga picha. Mmoja aliniambia akipata hela atatafuta kama langu. Nilicheka, lakini moyoni nilifurahi wiki nzima.

Sasa Anti, boma letu limesimama, lenta imeshapita, bado kupaua. Mke anataka tupaue kabla ya mvua za Desemba, nami nakubaliana naye. Tukakaa tukaona kitu pekee cha kuuza ni Celica. Nikaenda kwa dalali mmoja hapa mjini, watu wanamsifia. Akalizunguka gari, akapiga teke tairi, akaangalia namba, akaona ni namba A, zile za usajili wa zamani, akacheka. Akasema, "Mzee, hii nakupa tatu na nusu, na hapo nimekuheshimu. Kuna jamaa yangu atalichinja auze spea." Halafu akaongeza, bila kuulizwa, kwamba ningemletea IST angenipa milioni kumi siku ileile.

Milioni tatu na nusu ni bei ya bodaboda, Anti. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Nikamweleza mdogo wangu aliyeko Dar. Akanitumia picha za matangazo ya nje, Celica za mwaka uleule zinauzwa mpaka dola elfu thelathini na kitu. Akaniambia, "Kaka usiuze, hiyo ni dhahabu, wewe subiri tu." Nikamwonyesha mke. Akaangalia simu, akanirudishia, akasema, "Kama ni dhahabu, tupaulie nyumba kwa hiyo dhahabu."

Nikatangaza mwenyewe mtandaoni kwa milioni 12, nikaandika "gari kali sana, wenye hela tu", maana nimelirudia rangi, nikaliwekea rimu kubwa na muziki. Wanaouliza "mwisho bei gani" ni wengi, ukiwajibu wanapotea. Wawili walikuja kuliona. Wa kwanza alisema ni la chini mno kwa barabara za kwao. Wa pili alilipenda kabisa, akaliendesha, akaomba kadi (bado ina jina la yule mzee wa Upanga, nasikia alishafariki, ila mkataba wa mauziano ninao), akasema atanipigia. Hajapiga mpaka leo.

Naomba uniambie, nisubiri bei ipande au niuze? Na kwa nini naumia kiasi hiki kwa kitu cha bati na chuma? Nimezika ndugu nikala siku ileile.

Ni mimi,
Mwenye Celica, Nzuguni

*

Marahaba, mdogo wangu. Hukukosea mlango. Kabla sijawa Anti wa kuandikiwa barua nilikaa miaka nyuma ya kaunta ya duka la spea, Majengo hapahapa, na wanaume niliowaona wakiumia kwa ajili ya magari ni wengi kuliko wanaoniandikia kuhusu wake zao.

Nianze na sentensi uliyoipita mbio kuliko zote. Umemweleza dalali kwa kirefu, umemweleza mdogo wako, umewaeleza vijana wa Mtumba, halafu ndani ya mabano ukanitupia kwamba kadi ina jina la marehemu. Mdogo wangu, hapo ndipo pesa yako ilipokwama. Yule mteja wa pili hakukimbia umri wa gari wala namba A. Alilipenda, akaliendesha, akaiona kadi, akanyamaza. Mtu anayetoa mamilioni yake hataki kununua kesi. Siku akitaka kuliuza naye, siku likiibwa akalazimika kujieleza polisi, siku akidai bima, mwenye gari kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato, TRA, ni mtu aliyezikwa, na wewe uliyemuuzia humo ndani haupo kabisa. Na kama dalali naye aliiona hiyo kadi, basi tatu na nusu ilikuwa bei ya gari lisilohamishika umiliki. Anayechinja gari hasumbuliwi na kadi, kwa sababu taa na milango haviulizwi jina.

Mko wengi, usijione wa ajabu. Nchi hii imejaa magari yaliyopita mikono mitatu minne huku kadi ikibaki na jina la mwagizaji. Watu wanaogopa gharama za kuhamisha, wanasema tutafanya mwakani, mwakani inageuka miaka kumi na saba.

Sasa fanya hivi. Tafuta ule mkataba wa 2008 uone kama ulishuhudiwa na wakili na kama jina la mzee na namba ya chasisi vimeandikwa sawasawa na kadi. Nenda ofisi ya TRA na mkataba huo, kadi halisi na TIN yako, uwaeleze hali ilivyo, nao watakuambia wanachohitaji. Jiandae kusikia kwamba mwenye gari akishafariki, wa kusaini kwa niaba yake ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Maana yake utakwenda kwa familia ya yule mzee. Usiende umeshika mkataba kama mtu anayedai. Nenda kwanza ukatoe pole, hata kama msiba ni wa zamani, kwa maana mzee yule alikuamini na gari lake. Ukishakaa ukanywa chai, ndipo useme shida. Kama mirathi ilishafunguliwa na msimamizi yupo, kazi iliyobaki ni ndogo. Kama haikufunguliwa, huenda ukalazimika kuwachangia gharama za kwenda mahakamani, na huenda ikachukua miezi. Itakuuma. Lakini kila shilingi utakayoweka pale inarudi kwenye bei, tofauti na ile uliyoweka kwenye rimu na muziki, ambayo nitaisema baadaye.

Ukiwa kwenye hilo, angalia pia kama gari linadaiwa faini za trafiki. Zinaangaliwa kwa namba ya gari mtandaoni, na mnunuzi wa siku hizi ataangalia kabla hajakusalimia.

Tuje kwa dalali. Alikosa adabu kwa kucheka, hilo nakupa. Lakini hakukudanganya. Dalali hanunui gari, ananunua muda wa kusubiri mteja. IST ikiingia yadi asubuhi, mwalimu anaitaka, nesi anaitaka, kijana wa teksi za mtandaoni anaitaka, mama wa mgahawa anaitaka. Spea zake ziko kila duka, mafuta inanusa tu, inapanda matuta ya mitaani bila kulia. Celica yako inamtaka mtu mmoja, na dalali hajui mtu huyo anakaa wapi wala atapata hela lini. Anaweza kumsubiri mpaka rangi ipauke juani, huku pesa yake imelala. Hiyo bei aliyokupa ameshakata humo kila mwezi wa kusubiri. Anayekwambia gari lako ni la milioni tatu na nusu na anayekwambia "mimi nitalinunua leo kwa milioni tatu na nusu" wanasema mambo mawili tofauti, na wewe umeyasikia kama moja.

Hilo la namba linaniudhi hata mimi. Herufi inaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa nchini, basi. Haisemi limetunzwaje. Nimeona namba E zilizobeba magunia ya mkaa toka Kongwa mpaka viti vikaoza, na nimeona namba A za wazee wastaafu ukifungua boneti unaweza kulia chakula humo. Ila soko lina macho yake. Mteja wa IST ataangalia herufi. Mteja wa Celica ya milango miwili, akiwepo, ataangalia kwanza kama bado ina taa zake za asili, kwa kuwa anajua zikivunjika ataziomba wapi.

Mdogo wako sasa. Anakupenda, ila amekuchanganyia magari mawili yenye jina moja. Celica za kizazi chako, kizazi cha sita, zilitengenezwa kuanzia 1993 hadi 1999. Ndani ya kizazi hicho ipo GT-Four, ile ST205: injini 3S-GTE yenye turbo, matairi yote manne yanavuta, na toleo maalumu la kuruhusiwa kwenye mashindano lilitengenezwa magari 2,500 tu. Hizo ndizo dola ulizoonyeshwa, au nyingi kati yake. Soma vizuri yale matangazo, utaliona neno hilo limeandikwa, hakuna mwenye GT-Four anayelisahau.

Na wanaonunua GT-Four hawanunui bati na chuma, wananunua historia ambayo nusu yake ilichezwa jirani na sisi. Safari Rally, yale mashindano ya magari, ilianza 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Celica iliishinda mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, ikaichukua tena 1990, halafu ikafululiza ikiendeshwa na hawa: 1992 Carlos Sainz, 1993 Juha Kankkunen, 1994 Ian Duncan wa hukohuko Kenya. Mzungu mwenye miaka hamsini na kitu leo aliziona picha za Celica zimejaa matope akiwa kijana asiye na senti. Sasa anazo senti. Ndivyo bei za magari haya zinavyopanda popote duniani: kijana aliyetamani anazeeka na pesa, na magari yaliyobaki mazima ni machache. Datsun 240Z, iliyoshinda Safari 1971 na 1973, ilipitia njia hiyohiyo mapema zaidi.

Kuna na sheria ya Marekani. Wao gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyao hawaliruhusu kuingia kirahisi mpaka litimize miaka 25. Nissan Skyline GT-R za 1989 zilipofika umri huo mwaka 2014, wanunuzi wakaingia Japani kuzisaka na bei zikaruka. Mdogo wako anaisubiri siku kama hiyo kwa ajili yako. Mwambie Celica ya 1996 ilitimiza miaka 25 mwaka 2021, na hakuna Mmarekani aliyegonga geti Nzuguni. Jirani zetu Kenya nao hawapokei gari lililopita miaka minane. Kwa hiyo mnunuzi wako ni Mtanzania, na bei yako ni ya Kitanzania.

Lako linavuta tairi za mbele, halina turbo, na injini yake ni 3S-FE. Usilichukulie kama tusi. Ndiyo sababu bado linawaka. 3S-FE ndiyo injini ya Noah za zamani, ya Ipsum ya kwanza, ya RAV4 ya kwanza. Nimeuza bearingi, pampu za maji, mikanda na gasketi za injini hiyo mpaka nazijua kwa kugusa gizani. Fundi yeyote wa Dodoma, hata wa chini ya mti, ameshaifungua. Mwenye GT-Four akiharibikiwa turbo hapa mjini atasali. Wewe unakwenda dukani na pesa ya mfukoni. Hicho ni kitu cha kuandika kwenye tangazo lako kwa herufi kubwa, na naweka dau hukukiandika. Uliandika "gari kali sana, wenye hela tu".

Jambo jingine lililo upande wako ni ushuru. Anayeagiza leo gari la kutembelea lililozidi miaka kumi anaongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 30 kwa ajili ya uchakavu tu, juu ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Kijana wa Dar au Arusha mwenye kichaa cha magari ya milango miwili akipiga hesabu hiyo ataona afadhali atafute iliyokwisha kuingia nchini. Yupo. Si wengi, ila yupo, na sidhani kama anakaa Dodoma.

Na magari ya huko Dar yana ugonjwa mmoja ambao lako huenda limeupunguza: kutu. Gari lililokaa pwani, Dar au Tanga, chumvi ya hewa imekula chini yake polepole. Lako nalo lilianzia Dar, ila limekaa miaka huku kwetu kukavu. Jua la Dodoma linaua rangi, linapasua dashibodi, linakausha raba za milango, na nyekundu ndiyo rangi inayopauka haraka kuliko zote, lakini chini ya gari linaacha chuma kikavu. Lipeleke gereji lipandishwe, lioshwe chini, piga picha za chini nzima. Mnunuzi wa pwani akiziona atasahau dashibodi.

Kuhusu kusubiri bei ipande. Sikatai kabisa kwamba gari la kawaida linaweza kugeuka lulu. Corolla AE86 za miaka ya themanini zilikuwa gari la vijana wasio na hela, leo watu wanazigombea. Lakini kwa kila moja iliyopanda kuna majina mengi yaliyoishia kwenye mizani ya vyuma chakavu, na Celica ya kizazi chako isiyo GT-Four mpaka sasa haijaonyesha dalili kubwa. Nawe una boma linalongoja bati. Kusubiri hakuko bure, hata kama tangu 2017 ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka iliondolewa ikahamishiwa kwenye mafuta. Gari lililosimama betri inakufa, tairi zinakuwa ngumu kama kwato, sili zinakauka zinaanza kuvuja, petroli inachacha ndani ya tangi. Bima hiyo hapo. Ukilipiga turubai miaka mitano ukisubiri dhahabu, utalifunua ukute umefuga gharama.

Umeuliza kwa nini unaumia. Nina majibu mawili, moja la wasomi na moja langu.

La wasomi ni hili. Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walifanya majaribio ya kugawa vikombe vya kawaida kwa nusu ya wanafunzi, wengine wakabaki bila kitu, halafu wakafungua soko. Waliopewa vikombe walitaka bei ya karibu mara mbili au zaidi ya ile ambayo wasio navyo walikuwa tayari kutoa. Kikombe kilekile. Walikuwa nacho kwa dakika chache tu. Sasa wewe una Celica tangu 2008 na umeoa nayo. Milioni 12 uliyoandika sidhani kama uliipata sokoni. Humo umejumlisha rangi uliyorudia, rimu, muziki, na safari ile ya kutoka Dar. Mnunuzi halipii hata kimoja. Rimu zile kubwa zinaweza hata kukupunguzia. Kama rimu zake za asili unazo stoo, zirudishe.

Langu ni hili. Dalali alipocheka, hukumsikia dalali. Uliwasikia wale wa Goba na Kibamba. Walikucheka 2008, viwanja vyao vimepanda bei, na sasa mtu usiyemjua amesimama mbele ya gari lako akathibitisha, kwa tarakimu, kwamba wao walikuwa sahihi. Ndiyo maana chakula hakikushuka. Lakini pesa ile uliitumia ukiwa na miaka thelathini, na ulipata ulichonunua. Wenzako walikuwa na viwanja vya majani huku wanapanda daladala ya kusimama mpaka Kimara. Wewe ulikuwa unaendesha. Hujadhulumiwa, ulikula mapema. Dalali hakuulizwa kuhusu ujana wako na hana namna ya kuukadiria.

Mkeo simwongelei sana kwa sababu amejiongelea vizuri. Mwanamke aliyekubali kukunjwa na shela lake lote ndani ya gari la milango miwili ameshatoa mchango wake kwa Celica.

Ushauri wangu ni kuuza. Usimuuzie dalali, usimuuzie mchinjaji, na usiuze kabla ya kadi kusoma jina lako. Hapo ndipo Desemba inapotusumbua, maana mirathi haina haraka ya mvua. Itenganishe nyumba na gari. Mnunuzi akisikia "nataka kupaua kabla ya mvua" anashusha milioni papo hapo. Kaa na mkeo mpige hesabu ya mbao peke yake na bati peke yake. Uwezekano mkubwa bei ya Celica, hata ikiwa nzuri, haimalizi paa lote, kwa hiyo mlikuwa mnahitaji chanzo cha pili tangu mwanzo. Akiba, SACCOS ya kazini, mchezo wa mkeo, mnajua wenyewe. Kama boma ni la tofali za saruji, msimu mmoja wa mvua za Dodoma halitaanguka. Kama ni la tofali za kuchoma lililojengwa kwa udongo, basi hapo kweli funikeni juu ya kuta kwa namna yoyote, na msiliruhusu gari kuamua.

Na kama katikati ya hesabu utagundua kwamba hutaki kuuza, sema hivyo. Mwambie mkeo, "Hili ni starehe yangu, nitaligharamia bila kugusa nyumba." Anaweza kukubali, anaweza kukataa, lakini atakuwa anajibu jambo la kweli. Kinachoudhi wanawake ni kuletewa starehe imevikwa koti la uwekezaji.

Ukifika kwenye kuuza, huyo aliyelipenda akaomba kadi mpigie kwanza kabla hujatangaza tena. Asipolitaka, andika tangazo jipya: mwaka, injini ya 3S-FE na magari mengine yenye injini hiyo, gia za klachi, halijakatwa wala kubadilishwa injini, picha za chini, kadi kwa jina lako, halina deni. Usiandike GT-Four hata kwa bahati mbaya, wanaojua watakutoa nishai mbele za watu. Litangaze kwa wapenzi wa magari ya namna hiyo Dar na Arusha badala ya kuling'ang'aniza Dodoma. Bei usiipange kwa matangazo, kwa sababu tangazo ni ndoto ya muuzaji. Ulizia waliouza kweli, wametoka na ngapi mkononi. Halafu wewe na mkeo muandike kiwango cha chini kabisa, kabla mteja hajafika, ili siku hiyo usiyumbishwe na mtu atakayelisifia vizuri.

Akitaka kulijaribu, kaa naye ndani. Akitaka fundi wake, mkubalie, tena mchague gereji yeye. Malipo yapite benki, mkataba kwa wakili, uhamisho wa umiliki muufanye wote wawili wakati huohuo. Kadi halisi usiitoe kwa malipo ya nusu, hata akiapa kwa mama yake, maana tumeshaona kadi isiyohamishwa inavyoweza kumkalisha mtu miaka kumi na saba.